Kigeuzi cha Baba na Mapafu ya Watu

Baba yangu anafundisha udereva. Kutwa nzima anasikiliza wanafunzi wakisaga gia, halafu jioni anajitupa kwenye kochi na kulalamika kwamba spika zake zina ukungu. Kwa maoni yangu ukungu ulikuwa masikioni mwake, lakini sikusema, maana bado nakula kwake.

Dawa ya ukungu, aliambiwa dukani, ni kigeuzi. Muziki ukiwa ndani ya kompyuta si sauti, ni namba tupu; kigeuzi ndicho kinachozigeuza namba zikawa sauti, kisha amplifaya na spika zinamalizia kazi. Tulikuwa nacho tayari, kidogo kama kiberiti. Baba alisema kinageuza kama mwanafunzi wake anavyokata kona: kufika kinafika, ila kimeshapanda ukingo wa barabara.

Mwenye duka, mtu wa maneno laini kama sabuni, akamwazima viwili ili akavijaribu nyumbani: cheupe, cha bei ya kawaida, na cheusi, ambacho bei yake Baba aliitamka kwa kunong'ona.

"Kimoja utalipia, kingine utanirudishia, Mzee," alisema. "Masikio yako ndiyo hakimu."

Hakimu alikuwa ameshakula rushwa. Moyo wa Baba ulikiangukia cheusi hata kabla hakijachomekwa. Kikwazo kilikuwa Mama. Kwetu hakuna kitu kinachoingia sebuleni kikakaa bila Mama kuridhia. Na Mama ni muuguzi wa wodi ya kifua, kazi yake ni kusikiliza mapafu ya watu. Hilo la mapafu hakuna aliyelifikiria.

Jumamosi mchana Baba akamketisha Mama katikati ya kochi, pale zinapokutana sauti za spika zote mbili, akanituma nyuma ya kabati kwenye nyaya.

"Domo, anza na cheupe."

Domo ni mimi. Sababu mmeshaanza kuiona.

Akaweka wimbo wa roho yake: mwanamama anaimba taratibu, na gitaa moja tu, kuhusu mtu aliyeondoka bila kuaga. Baba humsikiliza mwanamama huyo akiwa amefumba macho. Mama naye humwangalia Baba akiwa ameyafumbua yake vizuri kabisa.

"Mzuri," Mama akasema. "Maneno nimeyasikia. Tumemaliza?"

"Bado, Sista wangu. Domo, cheusi!"

Nikahamisha nyaya. Kusema kweli, hata mimi niliyekuja kucheka nilinyamaza. Yule mwanamama alitoka ndani ya spika akasimama kwenye zulia letu. Ukucha ulisikika ukigusa uzi wa gitaa. Kabla ya kila mstari ulimsikia akivuta pumzi.

Mama akainua kidole. "Rudisha nyuma."

Baba uso ukamng'aa. "Umeisikia, eh? Ile pumzi umeisikia?"

"Nimeisikia. Rudisha."

Mama akainamisha kichwa, akasikiliza tena. Baba akanikonyeza: kaingia kumi na nane zetu.

"Huyu mgonjwa," Mama akasema.

"Mgonjwa wa mapenzi."

"Mgonjwa wa kifua. Msikilize anapomaliza mstari, kuna kafilimbi. Na tundu la pua la kushoto limeziba."

"La kushoto! La kushoto umelijuaje?"

"Si wewe uliyesema hiki kinatenganisha kushoto na kulia?"

Nyuma ya kabati nilikuwa naling'ata shati langu. Baba akabadilisha haraka, akaweka mzee mwenye sauti nzito. "Sigara," Mama akasema kabla hata ya kiitikio. Ikaja kwaya. "Safu ya nyuma kuna mmoja hakumaliza dozi." Akaja mpiga tarumbeta, Mama akatikisa kichwa kwa heshima. "Huyu mzima. Huyu anaweza kuzima moto kwa mdomo."

Baba akamrudia mwanamama wake, akafumba macho. Kila mstari ulipokaribia kuisha niliona anajikaza, kama mwanafunzi wake anapoikaribia kona.

"Kafilimbi nimeanza kukasikia," alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Baba, tumfungulie faili?"

"Funga domo, Domo."

Jumatatu nilimkuta anakirudisha cheusi ndani ya boksi lake, polepole, kama anayemsindikiza mpenzi stendi. "Kwenye cheupe watu wote wazima," aliniambia. "Mimi nilitaka muziki, sikutaka wodi."

Mama akaingia na sare yake, katoka zamu. Akaliona boksi.

"Unakipeleka wapi?"

"Dukani. Umenishinda, Sista."

"Nani kashindana na wewe? Hicho kinabaki."

"Mama watoto, si umesema humo wote wagonjwa?"

"Ndiyo maana. Mgonjwa ukishamuona unamfukuza? Nataka nimsikilize yule mama kwenye nyimbo zake za miaka ya mbele, nijue kama alitibiwa. Cheupe ndicho kirudi."

Baba akakitoa tena cheusi ndani ya boksi. Alichokuwa anakitafuta kwa udi na uvumba alikuwa amekipata, tena kwa ridhaa ya mwenye sebule. Angekataa angesema nini? Akaenda kulipa ile bei ya kunong'ona.

Siku hizi katikati ya kochi anakaa Mama, miguu juu ya stuli, anamfuatilia mwanamama albamu kwa albamu, kuanzia ya ujana wake. Baba amebanwa pembeni, anasikia spika moja. Hataki kuondoka. Anasubiri majibu kama ndugu wa mgonjwa kwenye benchi la hospitali.

Jana walifika albamu ya mwisho. Mama akausikiliza wimbo mzima, kisha akashusha miguu.

"Kapona," akasema.

Baba akashusha pumzi ndefu. Akaegemea, akafumba macho, akaanza kutabasamu.

"Kafilimbi kamwachia mpiga gitaa," Mama akasema.