Riwaya Iliyoishia Stesheni

Shalmali Wadegaonkar hakuwa msomi wa vitabu, na hakupenda mtu amwite hivyo. Alisoma kwa sababu basi la kampuni ya bima alikofanya kazi lilikwama kila asubuhi kwenye foleni zilezile za jiji la Pune, India, na kutazama kisogo cha aliyekaa mbele kunachosha upesi kuliko riwaya mbaya.

Maoni, hata hivyo, alikuwa nayo, wala hakumnyima mtu. Riwaya za miungu hakuzimaliza: miungu ya bibi yake ilikuwa imevuliwa utukufu, ikapewa misuli ya wanyanyua vyuma na maneno ya mameneja. Za mke aliyepotea alizimaliza, ingawa muuaji alikuwa mume siku zote, na kama si mume basi daktari wa akili. Lakini zilizojaa tele, mpaka zinakera, ni za wahandisi. Mhandisi anamwona msichana kwenye kantini ya chuo. Msichana anamkataa. Mhandisi anamfuata darasani, hosteli, mpaka harusini kwa dada yake, na msichana akishachoka kabisa, uchovu huo mwandishi anauita mapenzi.

"Jirani yangu angenifanyia hivyo ningempeleka polisi," aliwaambia wenzake ofisini. "Wao waandishi wanamfungisha ndoa."

Kwa hiyo shangazi yake, Kumud, alipoleta habari za mchumba mpya, Nachiket Paranjape, mhandisi wa kompyuta, familia ya heshima, "tena ameandika kitabu!", Shalmali alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Cheka tu," alisema Shangazi. "Miaka thelathini na moja. Wenzio wanapeleka watoto shule, wewe umekaa unahukumu wahandisi."

Baba yake hakucheka. Wachumba walikuwa wamekuja na kuondoka mpaka mzee alikuwa haulizi tena. Alikula chakula chake kimya na kwenda kulala. Kimya hicho kilimuuma Shalmali kuliko maneno yote ya Shangazi. Akaona atakitafuta hicho kitabu, angalau ajue anakataa nini.

Alikinunua karibu na stesheni, pale vitabu vinapotandazwa juu ya turubai. Kila mtu Pune ananunua pale, na kila mtu anajua kwamba ni nakala za wizi zinazoacha wino vidoleni. Kumlipa mhandisi bei kamili, Shalmali alisema, labda awe amechanganyikiwa.

Kitabu kiliitwa *Mpaka Useme Ndiyo*, na kilikuwa kama alivyotarajia. Kijana Vihaan alimfuata msichana Ira ukurasa baada ya ukurasa, kwa maua, kwa gitaa, kwa kujikata mkono. Shalmali alisoma akipiga miayo. Kisha akafika ukurasa wa mwisho. Ira yuko stesheni, Vihaan amemzuia njia, na Ira anamwambia: "Umenifuata miaka yote hii, hata siku moja hujaniuliza ninakwenda wapi." Anapanda treni. Treni inaondoka. Kitabu kimekwisha.

Basi lilikuwa limeshafika na watu wameshuka, yeye bado amekaa. Aliurudia ukurasa ule. Kumbe mwandishi alikuwa akimchimbia shimo shujaa wake tangu mwanzo, na jina lenyewe la kitabu lilikuwa mtego! Alifurahi, kisha akaogopa kwa jinsi alivyofurahi. Kulikuwa na mwanamume mjini humu aliyejua kwamba kumfuatafuata mtu si mapenzi, akayaandika hayo, na alikuwa akitafuta mke.

"Waambieni waje," alimwambia mama yake jioni ile. Mama aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Walikuja Jumapili: Nachiket, baba yake na mama yake. Shalmali aliingia na sinia la pepeta, mchele uliopondwa na kukaangwa na vitunguu, kama alivyofanya kwa wote waliotangulia. Mama yake Nachiket akazisifu, akauliza nani kapika. Shangazi akasema ni Shalmali. Aliyepika alikuwa Mama, na hakuna aliyekuwa sebuleni asiyejua hilo. Kisha mtu akasema, "Waacheni watoto wazungumze," na wawili hao wakapelekwa nje kwenye roshani. Mlango uliachwa wazi, na wazee wakaanza kuzungumza kwa sauti kubwa ili ionekane hawasikilizi.

"Nimesoma kitabu chako," alisema Shalmali.

"Pole."

Alipenda jibu hilo. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana wa kwenye riwaya, akajichukia kidogo.

"Wahandisi wa vitabuni siwapendi, nisikufiche. Lakini ule mwisho! Kumwacha aende zake vile. Inataka moyo."

"Nani aende zake?"

"Ira. Anapanda treni, inaondoka, basi."

Nachiket alimtazama, halafu akacheka, bila ubaya. "Umekinunua pale stesheni, sivyo? Wezi wale! Wanakata kurasa wapunguze karatasi. Bado sura mbili nzima. Vihaan anaiwahi treni kwa pikipiki, stesheni inayofuata. Ira anashuka analia, anamwambia, 'Mbona umechelewa?' Harusi yao wanaifanyia Goa, ufukweni. Sura hiyo watu wanaipenda kuliko zote."

Shalmali aliangalia chini uani, ambako mlinzi wa jengo alikuwa akiosha gari la mtu. Kwanza ilikuwa aibu. Kisha yakaja majonzi hasa, kama ya kufiwa, na aliyekufa hakupata hata kuzaliwa. Akajaribu kumfungulia Nachiket njia ya kujitetea.

"Mchapishaji ndiye aliyetaka harusi?"

"Hapana, mimi mwenyewe. Harusi ndiyo niliyoanza kuiandika. Mengine niliyajaza baadaye."

"Na yale maneno aliyoyasema Ira?"

"Alikuwa anampima tu." Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Mwanamke akikataa mara ya kwanza, anataka aone kama una nia. Usijali, nitakuletea nakala nzima, nikutilie na sahihi."

Hakuwa mtu mbaya. Alimpisha apite mbele mlangoni, na hilo ndilo lililomfanya Shalmali atake kulia.

Jikoni Shangazi alimkamata mkono. "Vipi? Amekupenda, nimemwona!"

"Hapana, Shangazi."

"Hapana yake au yako?"

"Yangu. Kitabu chake kina kurasa zaidi ya nilizosoma."

"Mungu wangu! Watu wanawaacha wanaume kwa ulevi, kwa mkono mwepesi, huyu anaacha kwa kurasa! Sikiliza. Leo hatusemi kitu. Hakuna anayejibu siku hiyohiyo. Watakwenda nyumbani, sisi tutawapigia, na kichwa chako kikishapoa tutaongea. Kisipopoa, tutasema nyota hazikulingana, kama watu wote wenye adabu."

Mama, Vasudha, alikuwa kwenye jiko akichuja chai. Katika ziara zote hizi hakuwahi kuwaambia wageni neno zaidi ya "ongezeni kidogo."

"Hicho kitabu chako wewe," aliuliza bila kugeuka, "kiliishia wapi?"

"Stesheni, Mama. Msichana yumo ndani, treni inaondoka."

"Hakurudi?"

"Kwenye nakala yangu hakurudi."

Mama alizima jiko. "Hicho ningekisoma," alisema. Alifuta mikono kwa pindo la sari, akalichukua sinia la birika na vikombe kabla Shangazi hajalifikia, akatoka nalo.

Sebuleni mazungumzo yalikatika.

"Chai hii, na pepeta bado zipo, kuleni mshibe," sauti ya Mama ilisikika. "Ila msijisumbue kwenda kwa mnajimu kulinganisha nyota. Binti yetu amesema hapana, na sisi tumemsikia."

Shangazi Kumud alijibwaga juu ya debe la unga. Shalmali alisogea mlangoni. Mama alikuwa akimimina chai, inamwagika kwenye visahani, naye anaendelea kumimina.