Bwana Usijali

Kompyuta ilimuuliza Bi Mkate taa nyekundu ina maana gani, ikampa majibu matatu achague: simama, ongeza mwendo, au geuza urudi ulikotoka. Bi Mkate akaitazama ile taa kwenye skrini, imeiva kama nyanya, akabofya kuongeza mwendo.

Jibu alilijua. Hata mjukuu wake, ambaye bado alikuwa ananyonya kidole, angelijua.

"Usijali, mpendwa," sauti ikasema kwenye hedifoni, sauti ya kiume, nzito na laini kama uji uliopoa kidogo. "Wengi hukosea hapo. Vuta pumzi. Turudie pole pole, mimi na wewe."

Bi Mkate akavuta pumzi. Akafumba macho, akatabasamu peke yake. Kisha akakosea tena.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi, kikinuka mpira tangu asubuhi. Watu walikuja hapo kujifunza alama na sheria za barabarani kabla ya kushika usukani. Mwalimu alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, ambaye kila hedifoni aliifuta kwa leso safi kabla ya kukupa, hata kama aliyeivua ni yeye mwenyewe. Lakini kazi kubwa ilifanywa na kompyuta, na kompyuta haikumfundisha kila mtu kwa namna moja. Ilimchunguza mmoja mmoja. Swali ulilopatia lilikwenda zake. Ulilokosea liliingia kwenye kapu dogo lililochorwa pembeni mwa skrini, na kesho yake lilikungoja humo, na maelezo marefu zaidi na picha kubwa zaidi. Lilikuwa kapu lako peke yako. Lisipokuwa tupu, mlango wa mtihani haukufunguka.

Kapu la Bi Mkate lilikuwa limefurika.

Haikuanza kwa ujanja. Siku za mwanzo alikosea kwa haki, swali la kupisha gari la wagonjwa, na roho ikamwenda mbio akingoja kugombezwa. Badala yake ndipo akaisikia ile sauti. Usijali, mpendwa. Swali lililofuata alipatia, na sauti ikasema "Sahihi," basi, kavu, kama mtu anayehesabu magunia. Bi Mkate akakaa akiipima tofauti hiyo. Mwanafunzi wa kompyuta ya jirani, kinyozi mmoja mcheshi, alikuwa ameshambatiza yule msemaji jina: Bwana Usijali.

Si kwamba nyumbani alikosa mtu. Mumewe, fundi saa, alikuwa mwema, na wema wake ulikuwa mikononi. Kandambili ya mkewe ikikatika usiku, asubuhi ataikuta imeshonwa. Maji ya kuoga humchemshia kabla hajarudi kutoka kazini. Ila maneno! Maneno fundi aliyatoa kama mtu anayeng'olewa jino. Ukimuuliza chakula kikoje, atasema, "Kipo."

Na ile leseni Bi Mkate aliitaka kwelikweli. Ameoka mikate tangu ujana, amesimama mbele ya tanuri mpaka magoti yakaanza kuvimba. Sasa bosi wake alikuwa amenunua kigari cha kusambazia mikate, akamwambia, "Dada, ukipata leseni, usukani ni wako. Utakaa chini, upepo utakupiga. Lakini siwezi kungoja milele. Ijumaa ikipita hujafanya mtihani, naajiri dereva."

Kila jioni Bi Mkate alijiambia kwamba kesho ataacha mchezo. Kila kesho Bwana Usijali akamwita mpendwa.

Kitu kimoja alikisahau. Siku ya kujiandikisha simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la kukandia unga, kwa hiyo aliandikisha namba ya mumewe. Fundi alikuwa akipokea ujumbe kila siku: *Mwanafunzi wako amekosea tena swali la taa nyekundu. Tafadhali mtie moyo.*

Alhamisi jioni, fundi aliinua jicho kutoka kwenye saa aliyokuwa akiifungua, akamtazama mkewe kwa muda.

"Mama watoto."

"Abee."

"Ile pale ni nini?"

Bi Mkate akageuka. "Ipi? Sufuria?"

"Ehe. Sufuria. Vizuri." Akapangusa jasho. "Na leo siku gani?"

"Alhamisi. Una nini wewe, unaumwa?"

"Mimi? Mimi mzima," fundi alisema, akiinamia saa yake. "Wewe usijali tu. Wengi hukosea."

Bi Mkate alibaki na mwiko mkononi. Maneno hayo, kwa sauti ya mumewe! Moyo ukaruka, kisha ukamwingia wasiwasi. Kuna kitu mzee huyu anakijua.

Ijumaa, Bi Mkate hajamaliza hata kuvaa hedifoni, fundi akatokea mlangoni, kofia mkononi, anahema kwa ngazi. Mwalimu akamsogezea kigoda bila kumuuliza lolote.

"Nimekuja kumsaidia mke wangu," alisema. "Nasikia hata nyekundu imeanza kumpotea."

Kinyozi akaangua kicheko, akajifanya anakohoa.

"Hebu nisikie anavyofundishwa." Fundi akaivuta hedifoni upande mmoja, akatega sikio. Kidole cha Bi Mkate, kwa mshtuko au kwa mazoea, kikabofya kuongeza mwendo.

"Usijali, mpendwa..."

Fundi akaruka kama aliyeungua. "Huyu mwanamume ni nani?"

"Ni kompyuta, baba watoto."

"Kompyuta ikuite mpendwa? Inakujua kutoka wapi?"

"Mzee, huyo ndiye Bwana Usijali," kinyozi akadakia. "Ana wapendwa wengi humu ndani. Jana kaniita hivyo hivyo mimi na ndevu zangu, nikanyamaza tu."

Fundi hakucheka. Aliikodolea skrini macho, kapu lililofurika, taa nyekundu kubwa kama sinia. Akainama, akauliza kwa sauti ya chini, "Jibu hulijui?"

"Nalijua."

"Na haya mengine kapuni?"

"Yote."

"Na gari la bosi ni leo."

"Ni leo." Bi Mkate alikuwa akiviringisha pindo la kanga yake. "Ukipatia anakwambia 'Sahihi' tu. Ukikosea ndiyo anakaa na wewe, anakubembeleza. Nikawa... nikawa najikosesha."

Chini, fundi wa matairi alikuwa akijaza upepo, fss, fss. Kinyozi, kwa heshima, alijigeuza akaisoma skrini yake.

Fundi saa akamvua mkewe hedifoni taratibu, akaitundika shingoni mwake mwenyewe, akavuta kigoda karibu.

"Jibu," alisema. "Ukipatia, nitasema mimi."

Bi Mkate akabofya: simama.

Fundi akameza mate. "Vizuri."

"Ndiyo basi?"

"Vizuri sana..." Masikio yakamwiva. "Vizuri sana, mke wangu."

Swali la kivuko. Akapatia. "Hapo umeenda kama saa mpya," fundi akasema. Swali la kona. Akapatia. "Huchelewi hata nukta!" Swali la gari la wagonjwa. Akapatia, na fundi, ambaye sasa maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililokatika, akajipiga kofi gotini. "Mwanamke huyu! Nilijua tangu siku ile uliponiletea saa nzima ukadai imekufa!"

"Ilikuwa imekufa," Bi Mkate alisema.

"Ilikuwa haijatiwa ufunguo, na wewe ulijua."

Bi Mkate akabofya swali jingine haraka haraka, uso ukimwaka. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ile leso, ingawa haikuwa na vumbi. Kapu lilipungua, likapungua, mpaka likabaki tupu kama sahani ya mtoto mwenye njaa. Mlango wa mtihani ukafunguka.

Humo hakukuwa na sauti yoyote. Alikosea swali moja, akasikia kimya tu. Akavuta pumzi mwenyewe, akasonga mbele, akafaulu.

Majaribio ya barabarani aliyamaliza baadaye, na bosi akatimiza ahadi. Asubuhi ya kwanza kigari kilitoka kimesheheni mikate ya moto, Bi Mkate kwenye usukani, fundi pembeni yake amekumbatia trei ambayo haikupata nafasi nyuma. Kwenye njia panda, taa ilipogeuka kijani, gari likazima. Akaliwasha. Likazima tena. Nyuma honi zikaanza, moja, mbili, msafara mzima.

Bi Mkate akamtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Fundi akamtazama yeye kwa makini, kama saa inayodaiwa kufa.

"Hili umekosea kweli, au unajikosesha?"

"Sijui," alisema Bi Mkate. "Wewe unaonaje?"

Fundi akateremsha kioo, akatoa kichwa nje, trei ingali mapajani.

"Subirini nyie!" aliwapigia kelele wenye honi. "Mpendwa wangu anarudia pole pole!"