Guelord Aoga Ukweni

Guelord aliipenda sabuni ya kufulia kama wengine wanavyopenda nyama. Alikuwa mchimbaji wa shaba kule Musonoi, na tangu ampende Mwadi, binti wa mtaa wa Dilala, alijiapiza kwamba hakuna mtu wa kwao atakayenusa vumbi la mgodi mwilini mwake. Akawa anaoga mara nne kwa siku, anajisugua kwa kipande cha wavu mpaka ngozi inalia. Na huo ni mwezi wa saba, jamani, mvua hakuna, upepo mkavu! Kadiri alivyooga, ngozi ilizidi kupauka, na wenzake shimoni wakazidi kumwuliza kama kwake maji yamekatika. Naye, badala ya kufikiri, akaongeza sabuni. Kichwa kigumu kile!

Jumapili ya kujitambulisha ikafika. Mwadi alikuwa amemfundisha: kwao, mama mkwe hashikani mikono na mkwe wala hapokezani naye kitu. Kitu kinawekwa mahali, huyu anaangalia pembeni, yule anachukua.

"Mama akikupa mukono, Guelord, njo kwisha, hakukukubali kuwa mukwe," alisema Mwadi akicheka. Guelord hakucheka.

Mama Honorine, mama yake Mwadi, alimpokea mlangoni. Pembeni hakuangalia hata kidogo. Alimshika mkono, akaugeuza, akapitisha ukucha juu yake. Mstari mweupe ukabaki.

"Ee tata, kwenu mayi haiko?"

Guelord alitamani ardhi ipasuke. Basi, amemkosa Mwadi, tena kwa uchafu, yeye anayeoga kuliko bata! Akaomba kwenda kunawa mikono. Uani akaona bafu, ndoo imejaa, na kipande cha sabuni ya kuoshea sufuria. Nyinyi mngefanya nini? Yeye alivua nguo.

Kuoga ukweni siku ya kwanza! Chakula kikapoa. Wajomba wakakohoa. Mwadi akajifunika uso kwa kitenge, hajui acheke au alie, huku maji yakimwagika bafuni kana kwamba anaoshwa ng'ombe.

Alipotoka alikuwa amepauka kuliko alivyoingia, shingo imejaa mikwaruzo. Mama Honorine alimngoja uani, mikono kiunoni.

"Weye, unaogaka mara ngapi ku siku?"

"Mara ine, mama. Leo tano."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Yo, mama! Na mi nilisema uko muchafu! Sikia, mutoto. Ukitoka ku mine, kule mugodini, oga mara moja, inatosha. Sabuni weka mu makwapa, mu mapaja na ku miguu, tena ile ya kuogea, hapana ya kufua bitenge! Kwengine mayi tu. Ukimaliza, paka mafuta mbele mubiri haiyakauka, ikiwa bado na mayi. Ngozi yako haina kosa, njo weye unaipiga kila siku."

"Na Mwadi, mama?" Sauti yake ilitoka kidogo sana.

Mama aliingia ndani, akarudi na chupa ya mafuta ya kujipaka. Guelord akanyoosha mkono apokee. Mama akaupita mkono ule, akaiweka chupa juu ya kiti, akarudi nyuma na kugeuza uso kuelekea kamba ya nguo.

"Tata mukwe," aliiambia kamba, "mafuta iko pale."

Jikoni Mwadi akapiga kigelegele. Guelord naye aliangalia pembeni, akaipapasa chupa mpaka akaishika, akaanza kujipaka usoni, mafuta na machozi pamoja.