Rangi Mbichi Wodi ya Mwisho

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Julai. Shemeji wa seremala alikuwa anafua, akainamia sabuni, hakuinuka. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kushoto.

Seremala alimkimbiza hospitali huku roho mkononi, maana njia ile aliijua. Marehemu mkewe, dada wa shemeji huyu huyu, alipatwa na ugonjwa huo huo. Wakubwa wa hospitali wakasema pa kumfanyisha mazoezi hapana, mrudisheni nyumbani. Akalala chali mpaka mgongo ukatoboka vidonda, akaenda zake. Na siku zote hizo wodi ya mwisho kwenye korido ilikuwa imefungwa, inafuga popo na vitanda vibovu! Ndiyo maana mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Sasa ati wodi inafufuliwa. Popo wametimuliwa, milango imepanuliwa ipitishe viti vya magurudumu. Seremala akapewa kazi ya kuunda reli mbili ndefu za mbao, za kushikia wanaojifunza kutembea upya. Alizipiga msasa huku amenuna.

"Wanapamba kaburi," alimwambia mpaka rangi wa hospitali.

Daktari alikuwa ameshasema: wodi mpya itachukua wanaoweza kusimama tu. Shemeji asiposimama hadi Ijumaa, nyumbani. Na Ijumaa asubuhi, siku ya ufunguzi, amri ikashuka kutoka juu: reli zipakwe kijani, mgeni rasmi azikute zinang'aa.

Mtaalamu wa mazoezi alishika kiuno. "Mgonjwa wangu atashika nini?"

"Ashike subira," mpaka rangi akamjibu.

Shemeji alisonya kwenye kiti chake, akamgeukia seremala. "Shemeji, ulinuna hata siku ya kumwoa dada yangu. Acha hizo, niinue!"

"Rangi mbichi, mama," mpaka rangi akaonya.

"Nikisubiri ikauke, nitakauka mimi."

Mtaalamu akamkamata kiunoni. Seremala akaubandika ule mkono wa kushoto kwenye reli, akaukandamiza kwa wa kwake. Shemeji akainuka. Mguu mmoja ukaenda. Ule mzito ukagoma kama ng'ombe aliyekataa zizi, kisha ukajiburuta, ukafika. Akaenda hadi mwisho, akarudi.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. "Huyu haendi nyumbani," alisema. "Mpeni kitanda cha dirishani."

Seremala akakaa chini, palepale sakafuni, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. Akataka kujifuta machozi, akaona vidole vyake ni kijani kitupu. Shemeji akamcheka mpaka akapaliwa.

Shemeji alipokwisha kulazwa kitandani, mganga mkuu akaingia, mgeni rasmi nyuma yake. Mganga mkuu akazitazama reli: alama za vidole mwanzo hadi mwisho. "Nani huyu?" akauliza.

Shemeji akaficha mikono chini ya shuka. Mpaka rangi akakagua dari. Daktari akakohoa.

"Si nauliza jamani! Nani ameharibu rangi?"