Barua ya Kumwombea Mchungaji Elibariki

Mama Tusajigwe hakuwa mtu wa kuomba ruhusa. Miaka thelathini ya unesi ilimmaliza woga, na sasa ndiye katibu wa usharika wao pale Kibamba. Jeshi lilikuwa linatafuta mchungaji wa kuwahudumia majeruhi katika hospitali yake huko vitani, ng'ambo ya ziwa, na Mchungaji Elibariki alitamani mno kwenda. Ilibaki barua ya usharika, nayo ilitakiwa kabla ya saa sita mchana. Mama alishaiandika. Muhuri, sasa, alikuwa nao Mzee Kornelio, mkuu wa wazee wa kanisa, na mzee alikuwa amenuna.

"Haya ya Jabiri yafute."

"Sifuti ng'o, mzee wangu. Ndiyo barua yenyewe hiyo."

"Weee! Uwaandikie wakubwa kwamba mchungaji wetu alimtafutia mtu shahada ya Kiislamu?"

Eee, aliandika. Mwaka jana Mchungaji alimkuta Jabiri, muuza kahawa, anakata roho wodini peke yake, ndugu zake bado wako njiani kutoka Chanika. Mchungaji mwingine angeomba maji abatize. Huyu alitoka mbio hadi getini, akamvuta dereva wa bodaboda mwenye kibaragashia, Badru, akamfikisha kitandani. Badru akamtamkisha Jabiri shahada, Mchungaji kamshika mkono mgonjwa mpaka mwisho. Wazee wa kanisa walimsema miezi mitatu, Kornelio akiwa mbele.

"Watasema hana msimamo," alisema Kornelio.

"Huo ndio msimamo! Kwani kule wamelazwa Wakristo watupu?" Kisha Mama akashusha sauti, maana alimpenda mzee huyu na ukaidi wake. "Erasmus anaendeleaje?"

Erasmus, kitinda mimba wa Kornelio, alikuwa koplo huko huko vitani. Mzee alivua miwani.

"Wiki ya pili hajapiga simu."

"Mungu amlinde. Lakini tuseme kaumia, baba. Mchungaji hayupo, aliye karibu ni shehe tu. Ungetaka shehe afanyeje?"

Mzee alianza kulia. Mama akamwacha alie, hakumharakisha. Saa tano na nusu, muhuri uligongwa mpaka meza ikalia.

"Shehe huyo anitafutie mchungaji," alisema Kornelio, akifuta macho kwa kiganja. "Wa dhehebu lolote, mama. Mradi amuwahi mwanangu."