Matoleo Yaliyoimbwa Mara Mbili

Habari ilitukuta kwa Nono, Jumatatu, siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu. Nono alikuwa mshonaji wa barabara yetu ya Kamalondo, Lubumbashi, na kiongozi wa sauti ya alto katika kwaya ya parokia; sisi vijana tulimwita yaya, yaani dada mkubwa. Asubuhi ile alikuwa akinipima mabega kwa ajili ya nguo ya Pasaka. Redio iliyokaa pembeni ya cherehani ikasema kwa Kifaransa, kwa sauti ileile inayotangaza bei ya mafuta, kwamba Baba Mtakatifu ataacha kiti mwisho wa mwezi kwa sababu uzee umemmaliza nguvu.

Nono akatoa pini mdomoni.

"Céline, mi nilisikia muzuri? Pape anaacha kazi?"

"Njo vile banasema, yaya."

"Ee Yesu wangu! Kumbe Pape anaweza kuacha?"

Papa Kambale alivuka barabara mbio. Duka lake la unga na mafuta ya jumla lilitazamana na mlango wa Nono. Alikuwa ametoka Butembo zamani, na kwa miaka kumi na minane alikuwa tenor wetu wa kwanza.

"Mumesikia? Pape amefanya départ volontaire!"

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Maneno hayo mawili hayahitaji kufafanuliwa katika jiji letu. Miaka kumi kabla ya hapo, maelfu ya wafanyakazi wa migodi walitia sahihi karatasi yenye jina hilo, eti wameacha kazi kwa hiari. Wakarudi nyumbani mchana, saa ambayo watoto wao hawakuwahi kuwaona nyumbani.

"Na bakubwa ya hii inchi je?" fundi viatu akauliza kutoka barazani. "Bamufwate na bo!"

"Weye nyamaza," Nono akamwambia. "Hapa hata chef wa avenue haachi cachet yake, ile muhuri. Analala nayo chini ya mutwe."

Kambale hakucheka tena. Alikuwa akitazama mwisho wa barabara, kwenye nyumba ya matofali yenye geti la kijani.

"Nani ataambia papa Anselme?" akauliza.

Wote wakanigeukia mimi.

Papa Anselme ni kambo yangu, yaani babu, baba wa mama. Baba yake aliletwa na reli kutoka Kongolo, na yeye mwenyewe alifanya kazi katika karakana ya reli mpaka alipostaafu. Lakini hakuna aliyemjua kwa kazi ya reli. Alijulikana kwa kwaya. Aliishika mwaka 1972, na mwezi ule wa Februari 2013 alikuwa bado ameishika, akiwa na miaka sabini na mitano. Kila Jumanne na kila Alhamisi, saa kumi na moja jioni, aliandika nota ubaoni kwa chaki, do re mi kwa herufi zake ndogo zilizonyooka. Sisi tulinakili katika madaftari, kila sauti mstari wake. Mama yangu alinakili hivyo, nami nikanakili hivyo. Ukifungua daftari lolote la zamani Kamalondo, karibu na mapishi ya mikate na majina ya watoto, utakuta herufi hizo.

Kumbukumbu yake kubwa ilikuwa mwaka 1985, Baba Mtakatifu wa wakati ule alipokuja Lubumbashi. Kwaya zote za jiji ziliunganishwa. Kambo alikuwa na besi mia na ishirini nyuma yake, na bibi yangu, akiwa na mimba ya mjomba, aliimba soprano kwenye jua tangu asubuhi. "Hatukuona Pape," bibi alipenda kusema. "Tuliona kofia. Lakini yeye alitusikia." Kisha wawili hao wangeimba ule wimbo jikoni, taratibu, yeye chini na bibi juu. Siku hizi nikipita Kamalondo jioni na kusikia sauti mbili zikiimba nyuma ya ukuta, husimama kidogo kabla ya kukumbuka kwamba si wao.

Bibi alifariki mwaka 2011. Baada ya hapo nilihamia kwa kambo, nikiwa nimemaliza chuo na bado sina kazi, na huko ndiko nilikojua siri yake. Alikuwa na diapazoni, kile chuma chenye meno mawili kinachotoa nota ya la. Zamani aliigonga kwenye goti na kuisogeza sikioni. Asubuhi moja nilimkuta sebuleni ameigonga na kuiuma kwa meno, macho ameyafumba, ili mlio upite kwenye mifupa. Aliponiona aliitia mfukoni.

"Masikio ina baridi," akasema.

Kutoka siku hiyo nilikaa mstari wa mbele, karibu naye, na kila sauti ilipoingia nilipiga mguu wangu sakafuni kwa nguvu kidogo ili auone. Miezi mitatu tuliendelea hivyo. Nilifikiri namsaidia.

Jumatatu hiyo nilimweleza habari za Roma kwa sauti kubwa, mara mbili. Aliweka kikombe chini.

"Anaacha?"

"Ee, kambo. Juu ya buzee."

"Baba ya familia anaandikaka lettre ya démission kwa batoto yake?" Alisimama, akakaa tena. "Anasema nini? Batoto bapendwa, kuanzia tarehe ishirini na munane mutafute baba mwengine?"

"Amechoka, kambo."

"Mi sichokake?"

Alhamisi ile kwenye mazoezi, Kambale alipoanza kurudia utani wake wa départ volontaire, kambo aligonga ubao kwa kiganja mpaka chaki ikaruka. "Hapa tunaimba," akasema. "Bale beko na maneno ya Roma baende Roma." Hakuna aliyethubutu tena.

Jumapili ya pili ya Kwaresima, tarehe 24, tuliimba wimbo wa matoleo ambao kambo mwenyewe aliutunga. Una beti tatu na mwisho wake unashuka polepole. Tulimaliza. Sauti zetu zilitulia, kanisa likanyamaza, na mikono ya kambo ikaendelea.

Ilikwenda juu, ikashuka, ikaita soprano, ikatuliza besi. Watu mia nane walikuwa wakiitazama mikono miwili ikiongoza kimya. Altareni Abbé, padri wetu, alikuwa amekwisha nawa mikono, akabaki ameishikilia mbele yake, hajui aendelee au angoje. Nilipiga mguu, lakini mguu utamwambiaje mtu kwamba wimbo umekwisha?

Kisha nyuma yangu Nono akaanza. Ubeti wa tatu, kutoka mwanzo, peke yake, kwa sauti yake nene. Kambale akaingia. Na kwaya nzima, watu arobaini, bila kutazamana, tukaingia mahali mikono ya kambo ilipokuwa. Tukaimba ubeti wote tena na kushuka polepole pamoja naye, mpaka alipofunga ngumi kama alivyofunga siku zote. Mama mmoja kwenye viti vya mbele alikuwa akifuta macho kwa kitambaa cha kichwani. Abbé akainama, akaendelea na misa.

Tulirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja, mvua ikipiga. Getini kambo akasimama.

"Nilimuona Abbé," akasema. "Alishamaliza kunawa. Alikuwa anangojea." Akanitazama. "Céline. Muliimba tena kwa ajili yangu?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimedanganya kwa mguu wangu miezi mitatu.

"Ee, kambo."

"Mara ngapi?"

"Ubeti moja tu. Ya tatu."

"Nani alianza?"

"Yaya Nono."

Aliingia ndani akiwa na viatu vyenye matope, jambo ambalo bibi hangeliruhusu. Alikaa kwenye kiti chake.

"Munanifanyia huruma," akasema. "Kama mutoto anayeshikishwa usukani na motokari imezimwa."

"Kambo, mungepumuzika kidogo. Hata Pape..."

"Usiniambie Pape!" Kisha sauti yake ikashuka, akawa kama anazungumza na meza. "Nikiacha, siku ya ine ya mazoezi nitaenda wapi? Saa kumi na moja ikifika, nitakaa hapa naangalia ukuta? Sauti ya kambo yako mwanamuke nilikuwa naisikia mule, mu basoprano. Hata kisha kufa kwake niliisikia. Sasa hata ile imeenda. Ukinitoa mule, nabakia na nini?"

Mimi niliyesoma miaka mitano, ambaye kila mwisho wa juma nilimwandikia rafiki yangu barua ndefu kuhusu namna ya kujenga nchi mpya, niliwasha mbabula, jiko letu la makaa. Nikapika chai, tukainywa.

Alhamisi, tarehe 28, mazoezi yalichelewa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekemewa. Jirani na shule tunakofanyia mazoezi kuna baa ya mama Mbuyi, na umeme ulikuwepo. Nusu ya kwaya ilikuwa imesimama mbele ya televisheni yake, madaftari kwapani. Kambo alipita akielekea darasani. Alipoona migongo ya watu wake, akasimama, akaingia.

Kwenye skrini helikopta nyeupe ilikuwa ikiinuka juu ya paa za Roma, na kengele zilikuwa zikilia. Watu wa baa walikuwa na maneno yao.

"Hana hata valise!"

"Valise ilienda mbele. Unafikiri mukubwa anabebaka mwenyewe?"

"Mi ninaona haya kwa ajili yake," mwanamke mmoja akasema.

"Haya ya nini? Mutu anayesema nimeshindwa, mi namupatia biere."

"Mi ninalia," akasema mama Mbuyi, na kweli alikuwa akilia, chupa mbili mkononi, wateja wakingoja.

Kambo alinivuta mkono. Kengele zile hakuzisikia, najua. Aliona tu helikopta ikipungua.

"Anaenda kwabo? Ku Ujerumani?"

"Hapana, kambo. Atakaa pembeni kidogo, kisha atarudia ku Vatikani, mu kanyumba. Atakuwa anaomba tu."

"Karibu na ule mupya?"

"Karibu kabisa."

"Basi atamuona ule mwengine anafanya kazi kila siku. Na akikosea, atanyamaza?"

"Njo ameahidi. Atatii."

Kofia ya kambo ilikuwa mkononi mwake, sikumwona akiivua.

"Kumbe haiko kutoroka," akasema. "Ile ni kazi ya nguvu kupita ya mbele."

Akatoka. Tulimfuata, mmoja mmoja, wengine wakimalizia soda zao mlangoni.

Darasani hakushika chaki. Alisimama mbele ya ubao mtupu mpaka madawati yalipoacha kulia.

"Basoprano," akasema, "tangu Noeli mi naona vinywa yenu tu. Sauti sisikie. Siku ya mungu, mu misa, munajua bote ile ilifanyika. Mulinifanyia vizuri, na sitaki munifanyie tena." Akageukia alto. "Pasaka iko na wiki ine. Nono, kuja hapa mbele."

Papa Kambale alikuwa tayari ameanza kuinuka. Kila mtu alijua kwamba zamu ingekuwa yake. Yeye ndiye mkubwa, na yeye ndiye mwanamume. Alibaki nusu amesimama, mikono juu ya dawati.

"Miye, papa?" Nono akasema. "Miye mwanamuke mushonaji? Papa Kambale njo..."

"Kambale anaimba vizuri kuliko sisi bote," kambo akasema. "Lakini siku ya mungu, kanisa lote ilinyamaza, nani aliona la kufanya? Mi nataka ule anayeona."

Nilimtazama Kambale, naye akatazama dawati. Nilijua ilimuuma. Kisha akakaa chini kwa kishindo na kupaza sauti yake ya tenor mpaka madirisha yakaitika:

"Fumée blanche!"

Moshi mweupe, kama Roma inapotangaza Baba Mtakatifu mpya: darasa likalipuka. Watu walicheka, wakapiga makofi, Nono akajifunika uso kwa daftari. Katika vurugu hiyo kambo alitembea kati ya madawati, polepole, mpaka mstari wa nyuma kabisa, wa besi. Mlio mzito wa karibu masikio yake yalikuwa bado yanaushika. Vijana wakasogea, akakaa pembeni, akaazima daftari la mwenziwe.

Nono alianza na Aleluya ya Pasaka. Mikono yake haikuwa kama ya kambo. Ilikuwa mifupi na ya haraka, kama mtu anayekata kitambaa. Tuliimba mistari miwili, akatusimamisha.

"Babasse," akasema, akielekeza kidole kwenye mstari wa besi, kisha akakirudisha. "Babasse... kuna mutu anachelewa."

Hakuna aliyegeuka. Sote tulijua ni nani. Nilisikia mvua ikianza juu ya mabati, na nikaogopa kwamba atasimama, achukue kofia yake, aende kwenye ule ukuta wake.

"Ni miye," kambo akasema kutoka nyuma. "Pardon, mama. Turudie."

Nono akainua mikono. Tukarudia kutoka mwanzo.