Kipande cha Kuku Mdomoni

Tangu afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, fundi cherehani alikuwa anakula kama kifaranga. Kuku au yai kwanza, apate protini, vijiko viwili vitatu tu, na kila kipande akitafune mpaka kiwe uji. Majirani walipomuuliza amepunguaje, aliwajibu kwa maringo, "Nimejikaza, nimejinyima."

Mchana huo ndiyo kwanza ametia kuku mdomoni, msusi wa duka la pili akaingia na gauni mkononi, midomo imemkauka.

"Dada, niongezee kiunoni. Nimejinyima kama wewe, nashinda na maji na matango, mpaka mikono inanitetemeka kichwani mwa mteja. Jana uzalendo ukanishinda, nikala kama mwizi. Wewe mwenzangu una moyo. Mimi sina."

Fundi uso ukamshuka. Akaonyesha shavu kwa kidole, kwamba bado anatafuna, angojwe kidogo, kisha akaliinamia gauni.

Msusi akangoja, akachoka, akaaga. Kuku alikuwa ameshamezwa zamani. Fundi alikuwa anatafuna mdomo mtupu.